Kaseti Ambayo Haikufika Londiani

Doha, Alhamisi alasiri, Agosti 2018

Nyambura, mami,

Naandika haya nikiwa ndani ya gari, hapa Pearl, kwenye kivuli cha maegesho. Nimewaleta wageni wa hoteli kula chakula cha mchana, na wageni wa namna hii wakishaketi karibu na maji hawakumbuki kwamba kuna dereva. Sinung'uniki. Watu hudhani kazi ya dereva ni kuendesha, kumbe sehemu kubwa ni kungoja, na leo kungoja kumenifaa. Barua hii nimejaribu kuianza nyumbani mara tatu, na mara zote tatu mama yako ameingia kuuliza ninaandika nini.

Habari za safari yako, za sweta, za pasipoti kukaa mfuko wa ndani, za kutomshikia mtu mzigo uwanjani hata akilia, mama yako ameshakwambia mara saba na kesho asubuhi atakwambia ya nane. Hapo mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na miwili.

Jumamosi iliyopita ulituketisha sebuleni, mimi na mama yako, ukatuchezea nyimbo zako zote tisa. Uliziita "Bado Nipo," na mimi nikasema moyoni, kweli upo, maana nilikuwa nakuangalia wewe kuliko nilivyokuwa nasikiliza. Nyimbo nane zikapita, nami nimejaa majivuno hata chai ikapoa mkononi. Kisha ukaanza wa tisa, gitaa peke yake, nikaujua kabla hujafungua mdomo. "Nitunzie Kiti." Mama yako akaanza kufuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nikasimama, nikasema naenda kununua mkate. Mkate ulikuwa mezani, mzima, haujakatwa. Niliporudi na mkate wa pili, wewe ulikuwa umeshafunga kompyuta. Tangu siku hiyo unanisalimia kwa adabu, na mimi, mami, adabu yako huniuma kuliko hasira yako.

Ulidhani sikuupenda. Niliupenda mpaka nikashindwa kukaa. Lakini wimbo ule si wangu. Umeandika kwenye jalada kwamba umetungwa na baba yako, na umesema ukishafika Nairobi, baada ya wiki mbili utautoa huo kwanza kabla ya yote. Mimi sikuutunga. Nilimwibia mtu. Haya, nimeshaliandika na mkono haujakauka, basi naendelea.

Nilikuja hapa mwaka wa 2004 kuwa mlinzi. Kampuni ilituweka Industrial Area, watu wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa. Kitanda cha juu yangu alilala Kirui, Mkipsigis wa Londiani, mrefu hata miguu ilitoka nje ya kitanda, kwa hiyo kila alfajiri kitu cha kwanza nilichokiona Uarabuni kilikuwa soksi zake. Mimi mtu wa Ol Kalou, yeye wa Londiani. Kwetu baridi na kwao baridi, kwetu ng'ombe na kwao ng'ombe, na Jumapili redio ya kila nyumba inapiga kantri, zile nyimbo za watu wa treni na farasi ambao hawajui kama sisi tupo duniani lakini huzuni yao tunaifahamu vizuri. Usiku wa kwanza tu alinisikia nikivuma moja kwa pua, akainamisha kichwa kutoka juu, akaendeleza sauti ya pili. Hivyo ndivyo tulivyojuana, kabla ya kuulizana majina.

Watanzania wa chumba cha pili walitucheka mpaka wakachoka. Kulikuwa na mmoja wa Tanga aliyezoea kusimama mlangoni akisema, "Jamani nyie, mtu kwao Kenya, nyimbo za wachunga ng'ombe wa Ulaya, wapi na wapi?" Kirui akamjibu, "Si hata sisi tunachunga? Tunachunga geti." Lakini Ijumaa, siku ya mapumziko, tulipoimba nyuma ya jiko la kambi, huyo mtu wa Tanga ndiye aliyewahi ndoo ya kukalia.

Gitaa alilinunua Kirui kwa Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao. Lina ufa ubavuni, amelifunga kwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Ndiyo. Hilo hilo. Nilikwambia lilitoka kwa Mfilipino na sikudanganya, ila niliruka mtu mmoja katikati.

Mimi nilikuwa na sauti, yeye alikuwa na maneno. Tulilinda geti hapa hapa Pearl, wakati palikuwa mchanga na kreni, na hakuna aliyeweza kuniambia kwamba siku moja ningeegesha gari penye kivuli mahali hapa. Saa kumi na mbili kwa siku, ndani ya kibanda cha bati, kazi yetu kuandika namba za malori kwenye daftari kubwa. Kirui aliandika malori mbele na nyimbo nyuma. Siku moja mudir, mkubwa wetu Mwarabu, akalifungua daftari upande wa pili, akaona mistari imepangwa vizuri, imekatwa na kuandikwa upya. Akauliza, "Shinu hada?" Hii nini hii? Kirui akasimama wima kama askari, akasema ni malori yanayotarajiwa. Mudir akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi chini ya ubeti wa tatu. Tulicheka siku ile hadi tukaegemea bati, nalo lilikuwa la moto, tukaungua, tukacheka tena.

Wimbo wa kiti aliutunga kwenye daftari lile. Ulimchukua miezi mitano. Aliuandika, akaufuta, akaniimbia mstari mmoja mmoja, na kila aliponiimbia alisema bado. Haukuwa wa Ijumaa, hakutaka watu wausikie. Ulikuwa wa mke wake, Cherono, aliyeagana naye mwezi wa nne baada ya arusi ili aje huku. Unayajua maneno, lakini yasome jinsi yalivyokuwa:

Kiti changu kiache mlangoni,
usikitoe hata jua likizidi;
sijakwenda, Cherono, nimekawia,
na aliyekawia hurudi.

Cherono, mami. Wambui, mama yako, hakuwemo.

Mwishoni mwa 2006 rukhsa yangu ya kwanza ikatoka, miezi miwili nyumbani baada ya miaka miwili. Wewe hukuishi kambini, kwa hiyo hujui desturi yake. Mtu akipata rukhsa, begi si lake tena. Kila chumba kinamletea kitu: blanketi la mama wa fulani, manukato ya dada, simu ya kaka, picha, vidonge. Mwenye rukhsa hasemi hapana, kwa sababu na zamu yake ya kungoja iliwahi kufika na itafika tena. Na mzigo wa mwenzio haufunguliwi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini nimewahi kuona mtu akihamishwa chumba kwa kufungua bahasha.

Nilibeba mizigo ya watu kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Kirui. Alikuwa ameazima redio kaseti, akajifungia katika chumba cha kufulia wakati wenzetu wako kazini, akarekodi. Alinipa kaseti imeingizwa ndani ya soksi safi, na juu yake kipande cha karatasi: Cherono, nyumba ya pili kutoka kituo cha maziwa, Londiani.

"Njoro, hii ni ya Cherono pekee," akaniambia. "Mpe mkononi. Usiskize, sawa?"

"Niskize nikitafuta nini? Si nimeuskia miezi mitano?"

"Hujauskia wote," akasema.

Nyumbani niliwafikishia watu kumi. Wengine niliwafuata mpaka Subukia, mmoja mpaka Kitui, kwa miguu na kwa magari, na kila nilipofika nilichinjiwa kuku kana kwamba ni mimi niliyenunua blanketi. Kaseti niliiacha ya mwisho kwa sababu haikuwa na uzito.

Sasa sikia kilichonipata. Nilikuwa nimewaambia watu kwa simu kwamba mimi ni msimamizi. Nilikuwa msimamizi wa geti. Babu yako, na wajomba, na majirani wote wa kule juu walijua mtu wa Uarabuni anakuja, nami nimefika na begi lililojaa mali ya wengine. Na mama yako alikuwa amechoka. Hilo hukulijua, ulikuwa na miaka saba. Miezi mitatu kabla, alikuwa ameniambia kwa simu, bila kupandisha sauti, kwamba mwanamke anaweza kuzoea kuwa peke yake, na kwamba yeye ameanza kuzoea. Nilipofika alinipokea vizuri, akanipikia vizuri, na hakukaa nilipokaa.

Siku ya kuwakaribisha majirani, asubuhi, nikaichukua redio ya mjomba wako, nikaenda nayo zizini, nikaiweka ile kaseti. Nilijiambia nataka tu kukumbuka ufunguo wa gitaa. Ubeti wa nne ndio nilikuwa sijausikia, ule wa mtu anayesema akirudi na kumkuta mwingine kitini ataketi chini, kwenye mkeka, naye atashukuru kwa kuwa ndani. Nikasimama pale na ng'ombe, nikalia. Kisha nikaurudia mpaka nikaushika.

Mchana nyumba ikajaa. Chai ikazunguka. Mzee mmoja, jirani, akaniuliza mbele ya watu, "Sasa wewe Njoroge, huko hasa unafanya nini?" Nikamwona mama yako amesimama mlangoni na birika, anangoja naye kusikia. Niliomba gitaa la kanisa, nikaimba wimbo wa Kirui, na nilipofika kwenye jina nikatia la Wambui.

Mama yako aliweka birika chini. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia la viazi, miguu haifiki sakafuni, na ulisema kwa sauti kubwa, "Baba, imba tena." Nikaimba tena. Nikaimba mara tatu. Jioni ile mama yako alikuja akakaa nilipokaa.

Najua unavyowasimulia watu. Ukiulizwa ulianza lini kupenda muziki, unasema ni siku ile, kwenye gunia, baba yako aliporudi na wimbo. Kila unapolisema hilo mimi hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Kaseti ilibaki kwenye soksi yake. Kutoka Ol Kalou mpaka Londiani ukiamka mapema unafika kabla ya chakula cha mchana. Kila siku nilisema kesho. Nilijipa sababu nyingi, mvua, njia, mkutano wa shamba, lakini sababu ilikuwa moja. Nikimpa Cherono, wimbo ungekuwa na mwenyewe. Siku za rukhsa zikaisha nikiwa bado nasema kesho.

Niliporudi, Kirui alikuwa amebadilishana zamu na mtu ili awe geti la kambi basi likifika. Hakuningojea nishushe begi.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Akaskiza?"

"Akaskiza."

"Akasema nini, Njoro?"

Nyambura, hapo ndipo ningeweza kupona. Kuchelewa kunasameheka, hata kusikiliza kunasameheka, kwa mtu kama Kirui. Lakini nilimtazama usoni nikasema, "Alilia." Nilimpa machozi ya mama yako. Yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa yake.

Kirui aligeuka akaangalia ukuta kidogo. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akabeba begi langu mpaka chumbani, na Ijumaa iliyofuata akanunulia chai kambi nzima. Alikuwa mtu mwingine. Joto la mwaka ule liliangusha watu, na yeye alikuwa akienda kazini anapiga mluzi. Mtu wa Tanga akamwuliza, "Kaka, umepandishwa cheo?" Akasema, "Nimejibiwa."

Utauliza kwa nini hakumpigia mke wake simu. Alipiga, mara moja kwa mwezi, kwa simu ya mwenye duka, watu wamepanga foleni nyuma ya Cherono wanasikia kila neno. Mwanamume wa kwetu haulizi habari za mapenzi mbele ya foleni ya sukari. Kwa hiyo uongo wangu ulikaa miezi minane kwa raha zake. Kisha Cherono akapata simu yake mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, wengine wamelala. Kirui aliingia na simu mkononi, akakaa kwenye kitanda changu. Hakuwahi kukaa hapo, alikuwa akipita moja kwa moja kwenda juu. Kisha akaniuliza polepole, "Njoro, mlango wa kwetu ni wa rangi gani?"

Ningeweza kubahatisha, buluu, kijani, na ninaona haya kukwambia kwamba nilifikiria kubahatisha. Nikaangalia miguu yangu. Akasema, "Sawa." Hilo tu. Hakunitukana, hakuwaambia wengine. Wiki iliyofuata aliomba kuhamia kambi nyingine, na niliporudi kutoka kazini kitanda cha juu kilikuwa wazi na gitaa limelazwa kwenye changu. Nikafikiri amelisahau, nikamtuma mtu kwenda kumwambia. Akarudisha jibu: "Mwambie akae nalo. Mimi sina haja nalo." Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha akaenda zake, na tangu ile "sawa" sijasikia sauti yake.

Nami nikaacha kuimba. Watu wakiuliza nilisema kazi nyingi. Nilipohamia hoteli kuendesha gari, na baadaye kibali cha familia kikapatikana mkaja, 2011, gitaa lilikuwa chini ya kitanda katika kile chumba chetu cha kwanza, mtaa wa Najma, limefungwa shuka. Wewe na miaka yako kumi na miwili ulikuwa na siku mbili tu mjini ukalivuta. Ningekukataza. Badala yake nilikuwekea vidole kwenye nyuzi, nikakufundisha ile mikao mitatu ya vidole niliyofundishwa na Kirui, na ulipoomba wimbo, ulijua unaomba upi.

Nimekutazama miaka saba. Nimemwona yule bwana wa studio aliyekwambia kwamba kantri ni muziki wa wazee wenye mashamba, utafute kitu cha kuchezeka. Nimeziona barua zako zisizojibiwa. Mwezi uliopita, uliposema utarekodi mwenyewe chumbani kwako, ukatundika mablanketi matatu ndani ya kabati na kuzima AC ili mngurumo usiingie, Julai, Doha, nilidhani utazirai. Ulikuwa ukitoka kila baada ya nusu saa umelowa kama umetoka kuoga, unakunywa maji, unarudi. Ukipanga kati ya adhana na adhana. Mimi nilikaa kwenye ngazi na kadibodi ya kujipepea, kazi yangu kuwazuia watoto wa jirani wasikimbie na kumsihi Bwana Rafiki wa duka la chini asishushe shata kwa kishindo. Alinijibu, "Binti yako anaimba nini siku zote hizo?" Nikamwambia anaimba habari za kuvumilia. Akasema, "Basi mwambie awashe AC."

Nilikuwa na furaha kwenye ngazi zile kuliko mahali popote pengine nchini humu. Sikujua kwamba ndani unarekodi ule. Ulitaka kunishtua.

Sasa nikwambie kwa nini leo, na si miaka mitano iliyopita. Mwaka jana, baada ya ibada, nilikutana na kijana wa Londiani, mgeni, amekuja kazi ya ulinzi. Nikamwuliza kama anamjua Kirui.

"Wa pikapu ya maziwa? Namjua sana, na mama Cherono pia. Wako poa, wana watoto wanne."

"Bado anaimba?"

Akacheka. "Kirui? Kuimba? Zii, huyo hata kanisani hafungui mdomo."

Nilirudi nyumbani nikawaambia naumwa kichwa. Unakumbuka, ulinichemshia tangawizi. Hata hapo nilisema kesho, mpaka Jumamosi ile ulipouimba.

Unaandika habari za kuvumilia, mami, na umezijua kwa mwili wako. Mimi sikuvumilia kitu. Nilishindwa kuvumilia dakika moja ya kuonwa kama nilivyo, mlinzi wa geti na mikono mitupu, mbele ya wazee na chai. Waliovumilia ni wawili. Mmoja aliambiwa amejibiwa, kumbe hajajibiwa. Mwingine aliweka kiti mlangoni bila kuombwa, maana ombi lilikuwa kwenye sanduku langu. Na alikitunza! Wimbo haukumfika, na bado alifanya kila neno lililomo.

Mama yako nimemwambia. Jana, mara ile ya tatu alipoingia kuuliza naandika nini, nikaweka kalamu chini nikamweleza, kuanzia soksi mpaka rangi ya mlango. Alikuwa akikunja nguo zako. Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka kumi na miwili nimekalia kiti cha mwanamke mwingine." Baadaye akaongeza, "Mwandikie mtoto. Usimwachie aimbe uongo kwa sauti nzuri hivyo." Leo asubuhi alinipa chai bila neno, lakini alinipa. Sijui kesho itakuwaje. Nimeshazoea kungoja, na hii nastahili kuingoja.

Ukifungua begi kubwa utakuta, chini ya viatu, leso mbili mpya zilizofungwa kwa karatasi. Sikuziona zikinunuliwa. Juu mama yako ameandika kwa mkono wake: Cherono.

Na kwenye mfuko wa mkoba wa gitaa nimetia soksi. Ni ile ile. Kaseti imo, sijaicheza tangu siku ya zizini, sijui kama utepe bado mzima. Karatasi pia ipo, nyumba ya pili kutoka kituo cha maziwa. Pikapu za wafugaji wa kule ni za zamani, pengine ya Kirui bado ina mahali pa kaseti.

Sikuamuru, umeshakuwa mkubwa, na nyimbo ni kazi yako. Nakuomba. Usiutoe wimbo ule kabla hujafika Londiani. Mpe Cherono kaseti mkononi, umwache asikilize peke yake, hata kama utakaa nje na mbwa saa nzima. Mpe Kirui gitaa lake. Najua ninachokuomba, najua vidole vyako vimekulia pale. Akikwambia ukae nalo, kaa nalo, litakuwa limetoka kwake safari hii. Kisha waulize wote wawili kama uimbwe au usiimbwe, na kwa jina la nani. Wakisema hapana, toa nyimbo nane. Nane zinatosha, nilizisikia zote kabla ya kukimbilia mkate. Wakitaka kujua mimi niko wapi, waambie Najma, na uwape namba yangu. Nisingependa wakupe wewe maneno yanayonistahili mimi.

Wageni wanatoka, naona mmoja anaangaza huku na huku akitafuta gari. Nitakupa barua hii kesho unapoingia mlango wa ukaguzi, nikunyime nafasi ya kuisoma mbele yangu. Hata hapo bado ni mwoga kidogo, nivumilie.

Ukitoka Londiani nipigie siku hiyo hiyo. Nieleze mlango ni wa rangi gani. Na nikikuuliza Cherono alisema nini, mami, usinihurumie ukaniambia alilia. Niambie alichosema.

Mimi baba yako, ambaye bado naomba uniimbie tena,

Njoroge